Mwanga wa Mara: Historia ya Kupima Uso wa Ziwa na Nyika kwa Picha Nyingi

Mwanga wa jua unapotua juu ya kitu hugawanyika: sehemu yake humezwa na kugeuka joto, sehemu hupenya ikiwa kitu chenyewe kinaruhusu, na sehemu inayobaki hurudi hewani, nayo ndiyo inayolifikia jicho na kuliarifu kwamba hili ni jiwe, lile ni jani na kule ni maji. Namna sehemu hiyo inavyorudi hutofautiana sana. Kioo na maji yaliyotulia huirudisha upande mmoja tu, kwa pembe ileile uliyoingilia mwanga, na tendo hilo huitwa kuakisi. Ukuta uliopakwa chokaa huisambaza pande zote, kiasi kwamba anayeutazama kutoka kushoto na anayeutazama kutoka kulia huuona kuwa na weupe uleule, na tendo hilo huitwa kutawanya. Johann Heinrich Lambert, mwanahisabati aliyechapisha mwaka 1760 kitabu chake juu ya upimaji wa mwanga, alitoa kanuni ya uso wa namna hiyo ya pili, yaani uso unaotawanya kwa usawa kamili. Tatizo ni kwamba vitu vingi vya duniani si kioo wala si chokaa. Viko katikati, na kila kimoja kina tabia yake.

Mkoani Mara tabia hizo huonekana bila chombo chochote. Katika mialo ya Musoma, dagaa waliotolewa ziwani alfajiri na kuanikwa humeta kama fedha kwa mtu aliyesimama upande fulani, na akihama hatua chache mmeto huo hutoweka na kubaki rangi ya kijivu. Kufikia jioni, ngozi zao zikiwa zimekauka na kujikunja, dagaa haohao wamefifia na hawameti tena kwa mtu wa upande wowote. Kwenye mbuga za Bunda, ambako udongo mweusi hupasuka wakati wa kiangazi, nyasi zinazotazamwa na mtu aliyelipa jua mgongo huonekana nyeupe, kwa kuwa kila bua linakificha kivuli chake nyuma yake, ilhali nyasi hizohizo zikitazamwa kwa kulielekea jua huonekana zenye giza, kwa kuwa upande unaotazamwa ndio uliojaa vivuli. Miamba ya itale iliyotapakaa Butiama, pale Mwitongo na kwingineko, ina chembe ndogo za madini zinazong'aa kila moja kwa pembe yake, hivyo mwamba mmoja hubadilika rangi mara nyingi kati ya asubuhi na magharibi ingawa haujapakwa wala kuoshwa.

Kwa sababu hiyo, anayetaka kujua uso fulani unarudisha mwanga kiasi gani hawezi kutosheka na tazamo moja, wala na picha moja. Ni lazima autazame kutoka pembe nyingi, jua likiwa mahali pengi, na kwa vipimo vingi vya mwanga, kisha ayaunganishe matazamo hayo yote kuwa hesabu moja. Wataalamu wa fizikia waliliweka jambo hilo katika maandishi rasmi kwa kuchelewa. Ilikuwa mwaka 1965 ambapo Mmarekani Fred Nicodemus alieleza uwiano kati ya mwanga unaoingia kwa pembe fulani na ule unaotoka kwa pembe nyingine, uwiano ambao hadi leo ndio msingi wa fani yote ya kupima nyuso. Lakini katika eneo la Musoma, Bunda na Butiama njia ya kuufikia ukweli huo ilikuwa imeanza kitambo, kwa vyombo hafifu na kwa watu ambao hawakujua kwamba wanaanzisha fani.

Inafaa kuanza na wavuvi. Uvuvi wa dagaa katika Ziwa Viktoria hufanyika usiku kwa taa, ambazo kwa miaka mingi zilikuwa karabai za mafuta ya taa na siku hizi nyingi ni za betri na umeme wa jua. Taa huelea juu ya maji, dagaa huufuata mwanga, wavu huwazunguka. Kazi hii hutegemea giza, na mwezi unapokuwa mpevu nguvu ya taa hupungua kwa kuwa ziwa lote limeangazwa. Ndiyo maana kalenda ya mvuvi wa dagaa hugawanyika kati ya siku za giza na siku za mbalamwezi. Hapa pana jambo ambalo wengi hawalitarajii: mwezi nusu hautoi nusu ya mwanga wa mwezi mpevu, bali takriban sehemu moja ya kumi tu. Sababu yake ni ileile ya nyasi za Bunda. Uso wa mwezi ni vumbi na mabonde, nalo jua linapoupiga kutoka ubavuni kila punje na kila kilima hutupa kivuli, lakini siku ya mwezi mpevu mtazamaji wa duniani amelipa jua mgongo, vivuli vyote vimejificha nyuma ya vitu vyake, na uso mzima hung'aa kwa ghafla. Mvuvi anayeendelea na kazi mwezi ukiwa nusu na kupumzika ukiwa mpevu huishi kwa kanuni ya mtawanyiko wa mwanga kila mwezi wa mwaka.

Chombo cha kwanza cha kupima mwanga wa ziwa kilikuwa sahani. Angelo Secchi, padri Mwitalia aliyekuwa pia mwanafalaki, aliijaribu katika Bahari ya Mediterania mwaka 1865: sahani nyeupe hufungwa kamba na kuteremshwa majini taratibu, na kina ambacho macho huipoteza ndicho kipimo cha uwazi wa maji. Inaonekana ni mchezo wa watoto, lakini ndani yake mna hesabu kamili, kwa kuwa mwanga lazima ushuke hadi kwenye sahani, utawanywe na weupe wake, kisha upande tena hadi kwenye jicho, na njiani kila chembe ya mwani na ya tope huumeza kidogo au kuutupa pembeni. Katika Ziwa Viktoria utafiti mkubwa wa kwanza wa uvuvi ulifanyika mwaka 1927 na 1928 chini ya Michael Graham, akisaidiwa na E. B. Worthington, na tangu hapo vipimo vya uwazi viliendelea kukusanywa na watafiti wa Jinja, Uganda, na baadaye upande wa Tanzania na Taasisi ya Utafiti wa Uvuvi, TAFIRI, iliyoundwa mwaka 1980, ambayo ina kituo Mwanza na imekuwa na kingine Sota katika pwani ya Mara. Vipimo vya sahani hiyo vilivyorundikana kwa miongo ndivyo vilivyofichua kwamba maji ya ziwa yamepungua uwazi sana, kwa kuwa mbolea, mmomonyoko wa udongo na maji machafu ya miji yameyalisha mwani.

Kupungua kwa uwazi huko kuna kisa kinachoigusa Butiama kwa namna ya pekee. Miongoni mwa samaki wadogo wanaoitwa furu wamo wa aina mbili wanaoishi katika miamba ya kusini mwa ziwa, ikiwemo ile ya Ghuba ya Speke ambayo mawimbi yake hupiga pwani ya Bunda. Dume wa aina moja ana rangi ya kijivu yenye ubuluu na hukaa karibu na uso wa maji; dume wa aina ya pili ana mgongo mwekundu na ubavu wa njano, naye hukaa chini kidogo, ambako mwanga wa buluu umekwisha kumezwa na kilichobaki kinaelekea wekundu. Aina hiyo ya pili ilielezwa kisayansi mwaka 1985 na Witte-Maas na Witte, wataalamu kutoka Uholanzi, wakaipa jina la Julius Nyerere, mzaliwa wa Butiama. Na jenasi yake ilipokuja kupewa jina jipya mwaka 1998 lilichukuliwa neno la Kiswahili, hivyo samaki huyo hujulikana duniani kote kama Pundamilia nyererei. Majike wa aina zote mbili wanafanana, nao huchagua madume kwa rangi. Mwaka 1997 Ole Seehausen na wenzake walionyesha kwamba pale maji yanapochafuka na mwanga kubanwa katika rangi chache, majike hushindwa kutofautisha, aina huchanganyika, na uzao wa maelfu ya miaka huyeyuka. Sangara, aliyeingizwa ziwani katika miaka ya 1950, hulaumiwa kwa kutoweka kwa furu wengi, na lawama hiyo ni ya haki. Lakini giza la maji limefanya kazi yake kimyakimya, bila meno.

Sahani ya Secchi ina udhaifu mmoja: hupima mahali mtumbwi ulipo, saa ile, kwa jicho la yule aliyeshika kamba. Kamera iliahidi kupima eneo zima kwa mara moja, lakini ilikuja na udhaifu mwingine. Filamu, na baadaye kihisi cha kamera ya kidijitali, hupokea mwanga kati ya mipaka miwili tu. Ulio mdogo kupita mpaka wa chini huwa weusi mtupu, na ulio mkubwa kupita mpaka wa juu huwa weupe mtupu. Mpiga picha anayesimama juu ya kilima cha Mukendo mjini Musoma saa sita mchana, akielekeza lenzi ziwani, hulazimika kuchagua: akiipa picha mwanga mwingi miamba iliyo kivulini huonekana na ziwa likaungua likawa karatasi nyeupe, na akiipa mwanga mdogo ziwa huonekana na miamba ikazama gizani. Uchaguzi huo uliwaumiza watu pia. Kwa miongo mingi filamu za rangi zilizokuja Afrika Mashariki zilirekebishwa kiwandani kwa kutumia picha za wanawake weupe kama kipimo, na katika picha ya arusi gauni jeupe lilitoka vizuri huku sura ya bibi arusi ikipotea. Halikuwa kosa la uso huo. Lilikuwa kosa la mizani iliyoupima.

Dawa ilikuwa kuunganisha. Tangu miaka ya 1850 Mfaransa Gustave Le Gray alichapisha picha za bahari kwa kuunganisha negativu mbili, moja iliyopigwa kwa ajili ya mawingu na moja kwa ajili ya maji. Karne moja baadaye Charles Wyckoff wa Marekani alibuni filamu yenye tabaka tatu, kila tabaka na wepesi wake wa kupokea mwanga, ili kuinasa milipuko ya nyuklia ambayo filamu ya kawaida haikuweza kuihimili. Mwaka 1997 Paul Debevec na Jitendra Malik wa Chuo Kikuu cha California, Berkeley, wakaeleza njia ambayo leo imo ndani ya simu za watu wengi: kitu kimoja hupigwa picha kadhaa, kila moja kwa muda wake wa kuachia mwanga, kutokana na picha hizo hukokotolewa jinsi kamera inavyogeuza mwanga kuwa rangi, kisha kwa kila nukta ya picha huchukuliwa thamani kutoka zile picha ambazo nukta hiyo haikuungua wala haikuzama, hugawanywa kwa muda uliotumika, na kuunganishwa kuwa kipimo kimoja cha mwanga halisi. Hapo picha huacha kuwa mchoro na kuwa mizani. Mwaka 1999 Stephen Marschner na wenzake wa Chuo Kikuu cha Cornell walikwenda mbele zaidi, wakaonyesha kwamba kwa kamera na taa tu, bila mitambo ya gharama, inawezekana kupima jinsi kitu chenye uso wa mviringo, hata ngozi ya binadamu, kinavyotawanya mwanga kwa pembe zote.

Juu ya nyika ya Mara, kuunganisha picha kulianza kwa haja nyingine kabisa, yaani kuhesabu wanyama. Mwaka 1958 Mjerumani Bernhard Grzimek na mwanawe Michael waliruka juu ya Serengeti katika ndege ndogo iliyochorwa milia ya punda milia, wakahesabu kwa macho na kupata wanyama 366,980. Januari 1959 Michael alifariki ndege yake ilipogongana na tumbusi. Mwaka 1961 Lee Talbot na D. R. M. Stewart wakafanya hesabu kwa picha za angani na kukuta nyumbu zaidi ya 220,000, idadi iliyozidi maradufu ile ya nyumbu waliohesabiwa na akina Grzimek. Sehemu ya tofauti hiyo ilitokana na kundi lenyewe kuongezeka na sehemu ilitokana na njia, kwa kuwa jicho linaloruka haliwezi kurudi nyuma, ilhali picha inaweza kuwekwa mezani na kuhesabiwa mara mbili na watu wawili. Katika miaka ya 1970 Mike Norton-Griffiths, akifanya kazi Seronera, ndani ya Serengeti, aliiweka kazi hiyo katika utaratibu wa sampuli: ndege hupita kwa mistari sambamba, picha hupigwa kwa nafasi maalumu, na idadi ya eneo zima hukisiwa kutokana na mamia ya picha kwa pamoja, pamoja na kiasi cha kosa kinachoweza kuwemo. Hatua hiyo ya mwisho ndiyo yenye thamani kubwa kuliko zote, kwa kuwa kipimo kisichotaja kosa lake hakijawa kipimo.

Picha hizo zilionyesha nyumbu wakiongezeka hadi kupita milioni moja kufikia mwaka 1977. Chanzo hakikuwa mbugani bali zizini. Chanjo ya ng'ombe dhidi ya sotoka, ugonjwa ulioangamiza mifugo na wanyamapori wa Afrika Mashariki tangu miaka ya 1890, iliukata ugonjwa huo hata kwa nyumbu ambao hawakuchanjwa, na katika miaka ya 1960 ndama wao wakaanza kuishi. Nyumbu walipokuwa wengi walikula nyasi zikawa fupi, nyasi zilipokuwa fupi moto ukapungua, na moto ulipopungua miti ikarudi. Anthony Sinclair aliyathibitisha mabadiliko ya miti kwa njia nyepesi inayostahili kusifiwa: alisimama mahali palepale palipopigwa picha za kale, akapiga upya, na akarudia tena baada ya miaka, akiziweka picha za vipindi tofauti bega kwa bega. Sindano iliyochomwa ng'ombe wa mfugaji ilibadilisha, baada ya miaka 20, jinsi nyanda za Serengeti zinavyorudisha mwanga angani.

Mwezi Julai 1972 Marekani ilirusha satelaiti ambayo baadaye iliitwa Landsat 1. Iliona uso wa dunia kwa vipande vya takriban mita 80, ikirudi mahali palepale kila baada ya siku 18, na haikuona tu rangi ambazo jicho huziona, bali pia miale ya infraredi iliyo ng'ambo ya wekundu. Miale hiyo ndiyo iliyofungua ukurasa mpya kwa Mara, kwa sababu maji huimeza karibu yote na jani bichi huirudisha kwa nguvu, hivyo ziwa huonekana jeusi na mmea unaoelea juu yake hung'aa. Gugu maji lilipolivamia Ziwa Viktoria mwishoni mwa miaka ya 1980, likaziba mialo, likazuia mitumbwi na kuficha konokono wa kichocho, ni picha za satelaiti zilizowezesha kulipima ziwani kote. Mwaka 1998 lilifunika zaidi ya hekta 17,000, kisha likaporomoka, kutokana na wadudu walioletwa kulila na pengine kutokana na mvua na mawimbi ya El Niño ya 1997 na 1998. Watafiti waliofanya hesabu hiyo hawakutegemea chombo kimoja. Walichanganya picha za Landsat na picha za rada, ambayo hutuma mawimbi yake yenyewe na kupokea yanayotawanywa na uso, na hivyo haizuiwi na mawingu wala usiku.

Kwa upande wa Mto Mara, picha za Landsat za miaka ya 1973, 1986 na 2000 zilitumika kuonyesha kwamba misitu ya chanzo cha mto imepungua, mashamba yameongezeka, na ardhi oevu ya chini, ile ya mafunjo na matete inayoenea upande wa Butiama na Rorya kabla ya mto kufika darajani Kirumi na kumwagika ziwani karibu na Musoma, imepanuka mno. Maelezo yaliyotolewa yanaingia akilini: udongo unaochukuliwa kutoka juu hutuama chini, na mafunjo huota juu yake. Hata hivyo matazamo matatu katika miaka 27 ni machache. Ardhi oevu hutanuka katika mwaka wa mvua na kusinyaa katika mwaka wa ukame, na picha iliyopigwa wiki moja baada ya mafuriko si sawa na iliyopigwa mwezi wa nane. Matokeo hayo yanafaa kuheshimiwa kama dalili kubwa, na si kama hukumu ya mwisho.

Kikwazo kilichobaki kilikuwa mawingu, nayo mawingu ya Mara yana ratiba yake. Usiku ziwa hubaki na joto kuliko nchi kavu, upepo huvuma kuelekea ziwani, na ngurumo hukusanyika juu ya maji hadi alfajiri. Mchana nchi kavu hupata joto, upepo hugeuka, na mawingu hujijenga juu ya vilima vya Butiama na nyanda za Bunda. Satelaiti inayopita saa ileile kila siku huzuiwa na wingu lilelile kila siku. Terra, iliyorushwa Desemba 1999, kwa miaka mingi ilipita karibu na saa nne na nusu asubuhi, na Aqua, iliyorushwa Mei 2002, ilipita karibu na saa saba na nusu mchana. Zote mbili zilibeba chombo cha aina moja kiitwacho MODIS, hivyo mahali palipofunikwa na wingu la mchana huenda palikuwa wazi asubuhi.

Hapo ndipo njia ya kuunganisha picha ilipoufikia upimaji kamili wa mtawanyiko. Kwa kuwa MODIS hutazama ukanda wenye upana wa kilomita 2,330, kijiji kimoja cha Bunda huonekana leo kwa kutazamwa wima, kesho kwa mshazari kutoka mashariki, na keshokutwa kutoka magharibi. Kwa macho ya mtengeneza ramani hiyo ni kero, kwa kuwa nyasi zilezile hutoka na mwangaza tofauti kila siku. Crystal Schaaf na wenzake wa Chuo Kikuu cha Boston waliigeuza kero hiyo kuwa hazina. Picha zote safi za siku 16 hukusanywa kwa kila kipande cha ardhi cha mita 500, na programu hutafuta namba tatu zinazoeleza kwa pamoja matazamo yote: moja ni mwanga unaotawanywa sawa pande zote, kama wa ule ukuta wa chokaa, ya pili ni ule unaotawanywa ndani ya majani yaliyosongamana, na ya tatu ni athari ya vivuli vya miti na vichaka vilivyoachana. Zikipatikana picha safi saba au zaidi hesabu hufanywa kikamilifu. Zikipungua, programu huegemea kwenye kumbukumbu za awali za mahali hapo na kuandika wazi kwamba jibu hilo ni hafifu. Kutokana na namba hizo hupatikana albedo, yaani sehemu ya mwanga wote wa jua ambayo uso huirudisha angani, na kipimo hicho huingia katika hesabu za joto, mvua na hali ya hewa. Lakini juu ya maji njia hii haifai. Picha zenye mng'ao wa jua, ambao juu ya ziwa la Mara huwa mkali kwa kuwa mkoa uko karibu na ikweta, hulazimika kutupwa, maana mng'ao ni kuakisi tu, nao hauelezi lolote kuhusu kilicho ndani ya maji.

Faida ya kuunganisha picha ilionekana upesi katika suala la moto. Nyasi zinapoungua wakati wa kiangazi ardhi huwa nyeusi, lakini weusi huo haudumu: upepo hupeperusha majivu, na mvua ya kwanza huchipusha majani mabichi. Picha moja kwa mwezi inaweza kukosa moto wote uliotokea kabla yake. Mwaka 2007 Jan Dempewolf na wenzake walichapisha njia ya kuchora ramani ya maeneo yaliyoungua katika Serengeti na Mara kwa kutumia picha za MODIS. Bila kwanza kujua jinsi nyasi zinavyobadilika mwangaza kwa pembe, badiliko la pembe linaweza kudhaniwa kuwa moto.

Tangu mwaka 2008 kumbukumbu zote za Landsat hutolewa bure kwa mtu yeyote, na satelaiti za Ulaya ziitwazo Sentinel-2, zilizoanza kurushwa mwaka 2015, hupiga picha za vipande vya mita 10 kila baada ya siku tano, nazo pia ni bure. Mwanafunzi wa Musoma mwenye kompyuta na intaneti anaweza leo kuitazama ghuba ya mji wake ilivyokuwa kabla hajazaliwa mzazi wake, na hilo ni jambo kubwa linalostahili kusemwa kwa furaha. Lakini satelaiti haijui inachokiona mpaka mtu wa chini aithibitishe. Kijani kinachong'aa karibu na mwalo kinaweza kuwa gugu maji, mwani au matete. Machi 2022 maji ya Mto Mara yalipogeuka meusi na samaki wakafa, waliolijua jambo hilo mapema walikuwa wanavijiji wa kando ya mto, na rangi ile waliipima kwa macho na pua zao. Mnyororo wa vipimo vya chini, vya mahali palepale na kwa namna ileile mwaka baada ya mwaka, ndio kiungo kilicho dhaifu kuliko vyote katika historia hii.

Kiungo hicho hakihitaji fedha za kigeni. Sahani ya Secchi ni kipande cha bati cha sentimita 20 kilichopakwa rangi nyeupe, au nyeupe na nyeusi kwa robo, kikafungwa kamba yenye alama kila nusu mita, na fundi yeyote wa bati wa Musoma anaweza kuitengeneza kwa asubuhi moja. Shule za pwani ya Musoma na Bunda, pamoja na zile za Butiama zilizo karibu na ardhi oevu ya Mto Mara, zinaombwa kuwa nayo, kuiteremsha majini mara moja kwa wiki, mahali palepale, saa sita mchana, na kuandika katika daftari tarehe, kina, hali ya mawingu na jina la aliyeshika kamba.